Papa Mdogo wa Maji Baridi na Hesabu ya Umri Wake

Ukimtaja papa mbele ya watu wa mwambao, aghalabu fikra zao huelekea kwenye mambo mawili. Ama humfikiria yule mkubwa wa bahari kuu, mwenye meno ya kutisha, ambaye watoto humwona katika filamu. Ama huelekea sokoni, kwa papa mkavu aliyetiwa chumvi, ambaye harufu yake hufika kabla ya muuzaji hajaonekana. Wiki hii tumtazame papa wa tatu, ambaye hamtishi mtu wala hauzwi Darajani au Feri. Huyu ni mdogo, makazi yake ni maji ya baridi, na watu wa Ulaya wamemla kwa miaka mingi bila ya wengi wao kujua kwamba wanachokula ni papa.

Jina lake la kitaalamu ni Squalus acanthias, nalo alipewa na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1758. Kwa kuwa haishi katika maji yetu, wavuvi wetu hawakuwa na haja ya kumpa jina, nami humu nitamwita papa-miba. Waingereza humwita samaki-mbwa, na wengi hulifasiri jina hilo kwa tabia yake ya kwenda kwa makundi makubwa na kuyaandama mafungu ya samaki wengine mfano wa mbwa mwitu. Hula samaki wadogo, ngisi, kaa, na hata konyeza. Si mchaguzi.

Umbo lake ni jembamba, la kijivu au hudhurungi mgongoni na jeupe tumboni, na ubavuni ana madoa meupe kana kwamba amerushiwa matone ya chokaa. Dume kwa kawaida hafiki mita 1, au huipita kidogo tu. Jike ni mkubwa zaidi na huweza kufikia mita 1 na robo, na aliyenona huwa na uzito wa kilo 8 au 9. Kama papa wote, hana mfupa. Kiunzi chake ni gegedu, kitu cha namna ya kile kilichomo ndani ya sikio la mwanadamu. Ngozi yake ukiipapasa kutoka mkiani kwenda kichwani hukwaruza kama msasa, na mafundi wa zamani walitumia ngozi za papa kusugulia mbao. Alama yake kuu ni miba miwili, mmoja mbele ya kila pezi la mgongo. Akishikwa hujipinda kama upinde na kumchoma aliyemshika, na miba hiyo ina sumu nyepesi ambayo haiui mtu, walakini uchungu wake mvuvi hausahau upesi. Mwiba wa nyuma tuuweke akilini, maana tutaurudia.

Sasa makazi yake. Upande wa kaskazini wa dunia hupatikana pwani ya Amerika kutoka Labrador hadi Florida, na ng'ambo ya pili kutoka Iceland na Norwei mpaka Moroko, akaingia Mediterania na kufika hadi Bahari Nyeusi. Upande wa kusini yupo Argentina na Chile, yupo Afrika Kusini, yupo kusini mwa Australia na New Zealand. Baina ya pande hizo mbili pana pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo tumo sisi. Bahari yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, juu ya maji huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali papa-miba hustarehe zaidi kwenye nyuzi 7 hadi 15. Kwake yeye, maji ya ikweta ni kama jangwa kwa ng'ombe wa maziwa. Wa karibu yetu zaidi ni wale wa Afrika Kusini, upande ule ambako mkondo wa Benguela hupitisha maji ya baridi.

Hata katika hizo bahari zake hatulii mahali pamoja. Huhama kwa majira kama wafugaji wanavyofuata malisho. Katika pwani ya mashariki ya Marekani, kiangazi huwa kaskazini, katika Ghuba ya Maine na maji ya Kanada. Yakianza kupoa mno hushuka kusini hadi karibu na North Carolina, na maji yakipata joto hurejea. Huweza kukaa karibu na ufuo, na huweza kushuka mamia ya mita kwenda chini. Katika Pasifiki ya Kaskazini, papa wa namna hii waliowekewa alama pwani ya Amerika wamevuliwa tena Japani, yaani wamekata bahari nzima, samaki wasiofika kiuno cha mtu mzima kwa urefu au wanaokizidi kidogo tu.

Hao wa Pasifiki ya Kaskazini wana kisa chao. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa ni haohao papa-miba, mpaka mwaka 2010 watafiti walipolinganisha maumbile na vinasaba vyao wakaona kwamba ni aina mbali, wakawarudishia jina walilokuwa wamepewa katika karne ya 19, Squalus suckleyi. Kwa macho ya kawaida utasema ni ndugu pacha. Tofauti yao kubwa, kwa kadiri inavyowahusu wavuvi, ni kasi ya kukua, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tuanze na uzazi. Samaki tunaowajua wengi hutaga mayai na kuyaachia maji. Heringi jike mmoja hutaga makumi elfu ya mayai kwa msimu, na wala hakuna anayetarajia kwamba yote yatakuwa samaki. Papa-miba hatagi. Mayai yake, ambayo ni makubwa na yenye kiini kingi, hubaki ndani ya mwili wa mama. Mwanzoni hukaa pamoja ndani ya utando mwembamba mrefu ambao wataalamu huuita "mshumaa" kwa umbo lake. Baada ya miezi kadhaa utando huyeyuka, na vijusi hubaki huru ndani ya mfuko wa uzazi, kila kimoja na kifuko chake cha kiini kinachoning'inia kifuani mithili ya mkoba wa masurufu ya safari. Mama hawanyonyeshi wala hawana kitovu cha kuungana naye kama mtoto wa binadamu; chakula chao ni kile kiini, nacho lazima kiwatoshe hadi siku ya kuzaliwa.

Na siku hiyo iko mbali. Mimba ya papa-miba huchukua miezi 18 hadi 24. Ndovu, ambaye hapa kwetu ndiye wa kutolewa mfano, hubeba mimba kwa miezi 22 hivi, naye huzaa mtoto wa zaidi ya kilo 90. Huyu papa wa kilo chache humkaribia au kumpita kwa muda, na ni katika wanyama wenye uti wa mgongo wanaobeba mimba kwa muda mrefu kuliko karibu wote. Mwishowe huzaa watoto wachache, mara nyingi 6 au 7, pengine 2 tu, pengine zaidi ya 10, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30 na kitu, amekamilika, ana meno yake na miba yake. Kina mama wanaosoma watakuwa wamekwisha kujiuliza swali: na hiyo miba, je? Mwenyezi Mungu amejaalia kwamba mtoto huzaliwa ncha za miba yake zikiwa zimevikwa vifuniko vya gegedu, ili asimjeruhi mama yake anapotoka. Vifuniko hivyo huondoka baadaye. Tangu hapo mtoto hujitegemea mwenyewe, malezi hakuna.

Ukubwa wake pia huja kwa taratibu. Katika Atlantiki ya magharibi, dume huwa tayari kwa uzazi akiwa na miaka 6 hivi, na jike akiwa na miaka 12 hivi, naye huweza kuishi miaka 35 hadi 40. Yule wa Pasifiki ya Kaskazini ni mpole zaidi wa kukua: jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 35 hivi, na wapo wanaokadiriwa kufika miaka 80 na kuelekea 100. Fikiria kwamba aliyezaliwa mwaka 1990 ndiyo kwanza anaingia katika umri wa uzazi, na wenzake wa shule, kama angekuwa mtu, wana watoto wa sekondari.

Watu hujuaje umri wa samaki asiye na cheti? Hapa ndipo tunaporudi kwenye mwiba wa nyuma. Kwa samaki wenye mifupa, wataalamu huhesabu duara zilizomo katika vijiwe vidogo vya sikioni, kama anavyohesabiwa mti uliokatwa. Papa hana vijiwe vigumu vya namna ile, na gegedu lake mara nyingi halisomeki vizuri. Lakini mwiba wa papa-miba huongezeka tabaka kwa tabaka, na juu yake hubaki mistari ambayo jicho lililofunzwa huweza kuihesabu. Miaka ikawa inabishaniwa: je, kila mstari ni mwaka mmoja kweli? Jibu lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga angani kaboni-14 nyingi, ikashuka baharini, ikaingia katika miili ya viumbe. Watafiti walipopima kaboni hiyo katika tabaka za miba ya papa wazee, waliona kupanda kwake kukiangukia kwenye mistari ya miaka ileile iliyotazamiwa. Kwa hiyo mstari ni mwaka, na wale wazee wa Pasifiki kweli ni wazee. Mabomu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuangamiza yakawa rula ya kupimia umri wa samaki. Dunia ina mambo.

Sasa tia hesabu hiyo pamoja. Jike wa Atlantiki husubiri miaka 12 kabla ya mimba ya kwanza, kisha kila mimba humchukua miaka 2 kasoro au kamili, na kila uzazi humpa watoto 6 au 7, ambao baadhi yao huliwa wangali wadogo. Mfanyabiashara yeyote ataona kwamba faida ya mtaji huu ni ndogo na huja polepole, na kwamba mtaji wenyewe ni yule jike mkubwa. Na jike mkubwa ndiye hasa anayetakiwa na soko, kwa kuwa ana nyama nyingi. Zaidi ya hayo, papa-miba hujitenga kwa jinsia na ukubwa: majike wakubwa huenda na wenzao, madume na wenzao, na wadogo vivyo hivyo. Wavu ukipita juu ya kundi la majike, mvuvi hapati mchanganyiko wa heri na shari. Hupata kina mama watupu, wengi wao wakiwa na mimba, nao hujaa hata chombo kikaelemewa. Akitazama sitaha yake husema, samaki huyu haishi baharini. Ndivyo walivyosema wengi.

Kwanza walimtafuta kwa ini lake. Papa hana kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea, na ini kubwa lenye mafuta humsaidia kazi hiyo. Watu wetu wanayajua mafuta ya ini la papa kwa jina la sifa, ambayo majahazi yamepakwa kwayo tangu enzi za mababu ili mbao zisioze. Huko British Columbia, katika Kanada, mafuta ya papa-miba katika karne ya 19 yalitumika katika taa na kulainishia mitambo. Kisha vilikuja Vita Vikuu vya Pili, mafuta ya samaki kutoka Ulaya yakakatika, na ini la papa likawa mgodi wa vitamini A. Wavuvi wa Pasifiki walimwandama kwa pupa, mara nyingine wakichukua ini peke yake na kuutupa mwili. Vita vilipokwisha, viwanda vikajifunza kuitengeneza vitamini hiyo bila samaki, na bei ikaanguka. Hapo papa-miba akageuka kutoka dhahabu kuwa kero, kwa kuwa hutafuna nyavu na kula samaki wa thamani, hata serikali ya Kanada ikafika kutoa ruzuku ili wavuvi wamuue kwa wingi. Nakiri kwamba kisa hiki hunishangaza kila nikikisoma, namna thamani ya kiumbe inavyopanda na kushuka naye hajabadilika hata unyoya.

Ulaya yeye aliingia jikoni. Hapo pana jambo la nyama yake ambalo mpishi wa mwambao hahitaji kuelezwa. Damu na nyama ya papa huwa na urea nyingi, ambayo humsaidia kuhimili chumvi ya bahari; akifa, urea hugeuka amonia, na ndiyo ile harufu. Sisi tulilitatua kwa chumvi na jua. Wao hulitatua kwa kumtoa damu na kumsafisha mara tu anapovuliwa, kumchuna, na kumweka katika barafu, na nyama yake hutoka nyeupe isiyo na miba midogo, watoto huipenda.

Ilibaki kazi ya jina. Nani ataingia dukani aombe samaki-mbwa? Waingereza wakamwita "samoni wa miamba," akauzwa katika maduka ya samaki na chipsi. Wafaransa wakamwita saumonette, yaani samoni mdogo. Samoni mwenyewe hana habari! Wajerumani walichukua nyama ya tumboni, wakaikausha kwa moshi ikajikunja, wakaipa jina la Schillerlocken, kwa kuifananisha na nywele za mawimbi za mshairi wao Friedrich Schiller. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya nyama ya papa iliyokuwa ikiuzwa Uingereza, na sehemu kubwa ya ile iliyotoka maduka ya chipsi ilikuwa ya papa-miba. Msomaji mwenye jamaa London au Leicester anaweza kuwauliza kama wamewahi kuliona jina hilo la samoni wa miamba ubaoni.

Kwa majina hayo mazuri, uvuvi ulikua. Katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki, katika miaka ya 1960 walivuliwa takriban tani 60,000 kwa mwaka. Kisha idadi ikaanza kushuka, na wanunuzi wa Ulaya wakageukia upande wa pili wa bahari. Marekani ilikuwa imewahimiza wavuvi wake wamvue papa-miba, kwa kuwa samaki wao wa zamani walikuwa wamepungua, na katikati ya miaka ya 1990 mavuno yalifika juu kabisa, majike wakubwa wakisafirishwa kwenda Ulaya. Mwaka 1998 serikali ikatangaza kwamba amevuliwa kupita kiasi. Mpango wa kumlinda ulianza kutekelezwa mwaka 2000, viwango vikakatwa sana, na wavuvi wakalalamika kwamba bahari bado imejaa papa. Na kwa macho yao walikuwa sahihi, kwa sababu madume na wadogo walikuwapo wengi. Kilichokuwa kimepungua ni kina mama, na kwa miaka kadhaa watoto wapya walikuwa wachache mno katika hesabu za watafiti.

Marekani ilitangaza mwaka 2010 kwamba kundi lake limerejea katika hali nzuri, ingawa makisio ya miaka ya karibuni yamewalazimu wasimamizi kupunguza tena viwango. Mwaka huohuo, Doha, nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini zilikataa pendekezo la kumtia papa-miba katika orodha ya wanaodhibitiwa; pendekezo kama hilo lilikuwa limekataliwa pia mwaka 2007. Umoja wa Ulaya kwa upande wake ulishusha kiwango cha uvuvi wake hadi sifuri, na kwa zaidi ya muongo mmoja chombo kilichomnasa kilitakiwa kumrudisha majini.

Uvuvi ulifunguliwa tena huko mwaka 2023, Uingereza na Umoja wa Ulaya wakiafikiana juu ya viwango, na sharti walilolitia linaonesha kwamba ile hesabu ya uzazi hatimaye imesomwa. Kwa samaki wengi, sheria humkataza mvuvi kuchukua mdogo kuliko kipimo fulani, nasi tunaijua sheria ya namna hiyo kwa matundu ya nyavu. Kwa papa-miba imegeuzwa kichwa chini: aliyezidi sentimita 100 hachukuliwi. Wanaozidi urefu huo, takriban wote, ni majike waliokomaa. Jike aliyerudishwa majini msimu huu na mimba changa huenda asizae mpaka mwaka wa pili, na binti yake, akisalimika na meno ya wakubwa, atahitaji zaidi ya miaka 10 kabla ya kubeba "mshumaa" wake wa kwanza.